Sahihi ya Kaka

"Kaka yako atie sahihi hapa," karani alisema, akinipa fomu ya kuhuisha leseni ya ufundi wa viyoyozi. "Leo pia hakushuka garini?"

"Amechoka."

Nilitoka hadi koridoni, nikaiweka fomu juu ya goti. Kaka tulimzika juzi. Udongo bado ulikuwa kwenye kucha zangu. Kazi naijua, leseni ndiyo sina. Tangu mikono yake ianze kutetemeka, vibali vyote nilimtilia sahihi mimi.

Niliandika jina lake, na ule mkia mrefu chini.

Karani aliilinganisha na faili, akagonga muhuri.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Ila mwakani aje mwenyewe. Tumemkumbuka."

Nilipuliza wino ukauke.

"Nitamwambia."