Jinsi Katumbo Alivyoshiba

Kabla ya kugonga mlango, Gracien alipapasa mfuko wa ndani wa koti lake. Kifuko cheusi cha plastiki kilikuwemo. Bila hicho asingeingia nyumba ya mtu.

Kila Jumamosi saa sita mchana redio ilimpeleka kula kwa mama mmoja wa mjini au wa vijiji vya jirani, moja kwa moja hewani, na nusu ya Bukavu iliacha sahani zake kumsikiliza akitafuna. Alikuwa na kinywa cha kazi hiyo. Kwa miaka tisa alikuwa sauti ya Katumbo, yule nguruwe mlafi wa katuni, na kwenye studio ya katuni hakuna anayekula kitu: supu huvutwa kwa mate, mfupa huvunjwa kwa ulimi. Watoto wa mtaa wa Kadutu walipomwona walimkoromea kama nguruwe, naye akawakoromea, akicheka kwa meno tu.

Ukweli ni kwamba chakula cha watu kilimtia kinyaa. Vidole asivyovijua vilivyogusa bugali, unywele kwenye sombe ya majani ya muhogo, jicho la samaki likimtazama. Alishaingia nyumba kumi na moja bila kumeza hata tonge. Mwenye nyumba alitolewa nje asije akaharibu sauti, akajisikilize akisifiwa redioni pamoja na majirani. Gracien akabaki peke yake na mikrofoni, akatafuna hewa, kisha wimbo ulipopigwa akamwaga sahani nzima kifukoni. Wakati wa kurudi, huku Dany wa mitambo akimfuata nyuma na vyombo vya redio, akiona kinapoangukia, Gracien alikitupa kifuko mtaroni. Fundi kweli kweli, ila fundi wa kuchukiza.

Mara moja tu mambo yaliharibika. Kule Nyantende watoto waliokota kifuko mtaroni chini ya nyumba ya Maman Fanny, aliyempikia, fundo halijafunguliwa, chakula chake chote ndani. Na huku kwetu, mgeni akikataa chakula chako, watu hawasemi hakuwa na njaa. Wanasema ameogopa karuho, ile sumu ya kuua polepole. Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua tena mlo kwa Maman Fanny, na hata kanisani benchi lake lilibaki na nafasi. Dany alimweleza Gracien yote hayo, akamsihi aende kumwomba radhi mama wa watu. Gracien alijibu kwamba yeye ni mtangazaji, si padri. Somo alilolipata ni kwamba kifuko kitupwe mbali zaidi.

Leo ilikuwa zamu ya mtaa wa Cimpunda, kwa Maman Adélaïde, na leo haikuwa siku ya kukosea. Jumatatu angesaini mkataba wa katuni mpya ya Katumbo, miaka mitatu mizima, na wenye katuni walishasema wazi kwamba wanamtaka mtu anayependwa na akina mama.

Uwanjani akina mama walijaa kuliko kawaida, wamemzunguka Dany na mitambo yake, kila mmoja na redio au simu yake. Waliitikia salamu kwa adabu. Nyuso mbili tatu zilimjia kama alishaziona mahali, ila mtu maarufu huona nyuso nyingi. Hakujisumbua.

Ndani, sahani ilikuwa mezani, imefunikwa kwa sahani nyingine.

"Ni bugali, sombe na sambaza, Papa," alisema Maman Adélaïde. "Nionje mbele, ili ukule na roho ya kutulia?"

Ndiyo desturi, mpishi aonje mgeni akiona. Gracien aliwaza kijiko kikitoka kinywani mwa mama huyu na kurudi sahanini.

"Hapana, maman. Kwako niko na imani."

Mama alimtazama kidogo, kama anayesubiri neno la pili. Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Taa nyekundu ya mikrofoni ikawaka. Gracien hakufunua hata ile sahani. Ajitafutie harufu ya nini? Alilamba midomo, akanyonya, akameza kwa kishindo. Alisifu sombe jinsi ilivyotwangwa laini. Alisema sambaza, vidagaa vya ziwa, zimekaangwa mpaka vichwa vinavunjika vyenyewe, akavivunja kwa ulimi kimoja kimoja. Alipiga chafya kwa ajili ya pilipili. Mwisho akakoroma kama Katumbo, watoto wafurahi. Zilikuwa dakika saba, na hakuwahi kula vizuri namna ile.

"Basi, wasikilizaji, niacheni nilambe vidole. Dany, tupatie wimbo."

Alivua visikizio masikioni, akatema kwenye leso, akavuta pumzi ndefu.

"Hii buchafu," alisema, "hata imbwa yangu haiwezi kuikula."

Akatoa kifuko, akaziba pua kwa vidole viwili, akafunua.

Sahani ilikuwa safi na kavu. Juu yake vilipangwa vifuko vyeusi kumi na kimoja, vimeoshwa na kukunjwa pembe kwa pembe.

Redio zote uwanjani zilikuwa kimya; Dany hakupiga wimbo wowote. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Mlango ulifunguliwa, akaingia Maman Adélaïde, na nyuma yake Maman Fanny wa Nyantende, ambaye aliishika mikrofoni na kuisogeza polepole hadi kwenye midomo ya Gracien.

"Endeleya kula, Papa," alisema. "Batu beko banasikiliza."