Joto Lililoua Wazee wa Ntringi

Mzee Mbaé naye alikufa kwa joto. Habari ililetwa Mutsamudu na Kaambi, dereva wa lori, huku akijipepea kwa kofia yake.

"Lini?" aliuliza Inzoudine.

"Alfajiri. Ameshazikwa, Ndugu Mwenyekiti. Kwa joto hili maiti hamngoji mtu."

Inzoudine alikuwa na miaka kumi na tisa na mji mzima mkononi. Mwaka ule wa 1977 serikali ya mapinduzi iliwafukuza makarani, madaraka wakapewa vijana. Kwa hiyo yeye, ambaye juzi juzi alikuwa akipiga magoti darasani kwa utundu, sasa ndiye mwenyekiti wa kamati. Kamati ilishika ufunguo wa ghala la mchele. Kamati ilivunja harusi kubwa, zile zilizopigwa marufuku, za ng'ombe na dhahabu na majoho, zinazommalizia mtu akiba ya umri wake. Inzoudine alikuwa hodari wa kazi hiyo. Akisikia ngoma tu, huyo, anamwaga sufuria za pilau za watu.

Ila kipupwe hakikuwa mwanachama wa kamati. Mwaka ule kiligoma. Juu mlimani Ntringi, ambako Julai watu hulala na blanketi mbili na bado meno yanagongana, walilala milango wazi. Mbu waliokuwa hawaijui njia ya mlimani waliipata. Zamani, kwa baridi ya kule, maiti aliweza kungojewa mpaka jamaa wa Moroni washuke kwenye ndege pale Ouani. Sasa mtu anakufa alfajiri, adhuhuri yuko chini ya udongo, na Inzoudine kila mara anasikia yamekwisha.

Alipiga simu makao makuu, Moroni. Mkubwa mmoja wa huko akafikiri, akajibu kwamba Wafaransa walipoondoka walibeba kila kitu, mpaka balbu, na huenda baridi nayo wameibeba. Kwa hiyo wazee hao ni mashahidi wa mapinduzi, na hitima zao ziwe juu ya kamati.

Basi ghala likafunguliwa. Kila msiba ulipata mchele na ng'ombe. Haya ni matanga bwana, si harusi, nani amnyime marehemu wali wake? Lori lilipita Mirontsy, likapanda mlima, na kesho yake likawarudisha wanawake waliokwenda kulia. Sauti zilikuwa zimewakauka kabisa. Viganja vilikuwa vyekundu.

"Hina msibani?" Inzoudine alimuuliza mmoja wao, Zoubeda.

"Inapoza mwili, mwanangu. Joto hilo huko juu, we acha tu!"

Inzoudine aliona jambo hilo lina sayansi ndani yake, akaenda zake.

Lakini usingizi alikuwa hapati, na sababu ilikuwa Koko Rahamatou. Koko ni bibi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki, na aliishi huko huko juu. Inzoudine alimpenda kuliko mapinduzi, ingawa hilo hakuthubutu kulisema kamatini. Alimwomba ashuke akae pwani kwenye upepo. Koko akauliza kuku wake atamwachia nani. Alimpelekea barafu iliyofungwa kwa maranda, ikafika maji ya uvuguvugu. Mwishowe alipanda mwenyewe kumbembeleza.

"Koko, usije ukafa ukaniacha."

"Na wewe usiniache nife sijakuona umeoa kama watu. Assia binti Mdahoma anazeekea barazani kwa ajili yako."

"Nitamwoa. Kwa tende mbili na Fatiha. Mambo ya zamani yamekwisha, Koko."

"Tende mbili!" Koko alisonya mpaka kuku wakakimbia. "Mjukuu wangu mmoja tu duniani, nimwozeshe kwa tende mbili!"

Haikupita wiki, Kaambi akaingia ofisini. Safari hii hakujipepea. Aliishika kofia kifuani, macho chini.

"Ndugu Mwenyekiti. Ni Koko."

Inzoudine hakuuliza lini. Alikwenda ghalani mwenyewe, akapakia magunia mpaka lori likainama, akaongeza ng'ombe wa pili, na atakayehoji na aje. Alipanda juu ya mchele ule, akalia kutoka Mutsamudu mpaka mlimani, mwenyekiti mzima, kamasi zinamtiririka. Alijilaumu sana. Angemfunga kamba, angembeba mgongoni, angemshusha kwa nguvu!

Kijiji kilikuwa kimefurika watu. Wanawake walipomwona walijifunika midomo kwa mitandio yao ya shiromani, mabega yakitikisika. Huruma yao ilimzidishia kilio.

"Msiba uko kwa Mdahoma," Kaambi alimwambia. "Nyumba ya Koko isingetosha watu wote hawa. Lakini oga kwanza, ndugu yangu. Huwezi kumwendea mzazi na vumbi hilo."

Wanaume wawili wakamwogesha. Walimvika kanzu mpya nyeupe, wakamfukiza udi, naye aligeuzwa huku na huku kama mtoto kwa sababu machozi hayakumwacha aone kitu. Kisha wakamfikisha mlangoni, wakarudi nyuma. Inzoudine alisema bismillahi, akausukuma.

Koko Rahamatou alikuwa amekaa kitini katikati ya chumba, mikono imekolea hina, amepakata joho lililotariziwa dhahabu.

"Futa machozi, mume wangu," alisema. "Assia yuko ndani anakungoja tangu asubuhi, na marehemu wote wameshakaa mstari wa mbele."