Sauti Ifike Mbali

"Hapana," mteja alisema. "Hiyo inamfanya awe kama anaongea ndani ya ndoo. Lete nyingine."

Muuzaji aliizima spika ya tatu na kuiburuta pembeni kwa magurudumu yake. Wenzake dukani walimwita dada huyu Masikio, kwa kuwa hakuna spika iliyokoroma hata kidogo asiigundue. Wanunuzi wa hizi kubwa za betri aliwajua. Walitaka besi, walitaka taa za rangi, walitaka kuwanyima majirani usingizi.

Huyu alitaka sauti ya mwanamke.

Alikuwa ameingia alasiri, tope jekundu limemkaukia hadi magotini, mikono yote miwili imechanwachanwa kama mtu aliyepigana na paka. Koo lake lilikuwa limekauka kabisa. Hakuongea, alinong'ona.

Akaunganisha simu yake na spika ya nne kwa Bluetooth, akabonyeza.

"Njoo, mama! Njoo! Mama, njoo upesi!"

Sauti ya kupaza, upepo ukivuma nyuma yake. Kisha ikakatika ghafla. Masikio alihisi vinyweleo vikimsimama. Kila spika ilivyokuwa bora, ndivyo alivyomsikia vizuri zaidi yule mwanamke akimwita mama yake.

"Ni nani huyo, kaka?" aliuliza, akijitia kupangusa vumbi.

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

Mtu yule alimtazama kana kwamba hakulielewa swali. "Hawezi kuita tena," alisema. "Hii inakaa na chaji usiku kucha?"

"Inakaa."

"Hata nje? Kwenye miti, kwenye umande?"

Masikio aliyatupia jicho yale magoti yenye tope. "Inakaa."

Akasema anakwenda stoo kutafuta waya. Huko alimwandikia shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ni askari: *Njoo dukani haraka. Kuna mwanaume hapa, nadhani kamfanyia mkewe kitu kibaya.* Jibu halikukawia: *Niko mbali kazini. Mzuie, nakuja.*

Basi akamzuia.

Alimwambia spika haipimwi ndani, kuta zinadanganya. Wakaitoa hadi nyuma ya duka, kwenye maegesho. Akamtaka asimame kwenye geti, asogee, arudi, asogee tena. Akapunguza besi, akaiongeza, akaipunguza. Mwanamke akaita, akaita, akaita. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mfuko wa mboga alisimama, akashika kifua.

"Jamani! Nani anapigwa huko?"

"Tunajaribu spika tu," Masikio alimjibu, huku akitamani yule mama asiondoke. Akaondoka.

"Hapo," mteja alinong'ona kutoka getini. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakuyafuta. "Hapo ni yeye kabisa. Nifungie hii."

"Betri iko chini, kaka. Lazima ichajiwe kwanza."

Vitaa vinne vya kijani vilikuwa vinawaka mgongoni mwa spika. Alivifunika kwa kiganja.

"Nitaichajia kwenye gari."

"Ukifanya hivyo, dhamana imekufa."

"Sitaki dhamana, dada. Nataka spika."

Walirudi ndani. Masikio akajifungia nyuma ya kaunta, akaanza kutafuta kitabu cha risiti kilichokuwa mbele ya macho yake. Mteja hakumwangalia. Alikuwa akiangalia dirisha tu, na mbingu iliyoanza kuwa ya zambarau.

"Giza likiingia nimekwisha," alisema. "Nakuomba."

"Kidogo tu, kaka."

"Nakuomba, dada yangu!" Akaipiga kaunta kwa kiganja, kalamu zikaruka. Masikio alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa rafu. Nje, taa za barabarani zikawaka.

Ndipo pikipiki ikasimama mlangoni. Shemeji aliingia mbio, jasho likimtoka, na Masikio akachomoka kutoka kaunta na kujificha nyuma yake.

"Ndiye huyo, shemeji. Mshike!"

Shemeji alimshika kweli, lakini kwa mabega, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemzuia mwenzake asianguke.

"Kumbe uko hapa? Tunakungoja kule tangu mchana. Umeipata?"

"Nimeipata," mtu yule alisema. "Huyu dada haniachi niende."

Shemeji alimgeukia Masikio, uso umemshuka.

"Binti yake mdogo, ndiye huyo 'mama' anayeitwa kwenye simu, yuko msituni tangu jana," alisema. "Anamkimbia kila anayemwita. Anamtafuta mama yake, na mama yake tumemzika wiki iliyopita."