Kadi ya Fundi

Kadi ilisema Fundi hajambo, anakula vizuri, hana shida. Ilikuwa imesema hivyo Alhamisi tatu mfululizo, na Alhamisi zote tatu aliyeiandika alikuwa kitandani kwake mwenyewe, mguu juu ya mto, kalamu mkononi.

Sista aliirudisha kadi kwenye mkoba, akafunga zipu kama anayemziba shahidi mdomo.

Yeye ndiye mwenyekiti. Mwaka aliostaafu unesi, yeye na mwalimu mkuu mmoja mstaafu, ambaye sasa ni katibu, walianzisha chama cha kuwaangalia wazee wa mtaa. Kazi yenyewe si ngumu: kila anayejitolea anapewa mzee mmoja, anamtembelea mara moja kwa wiki, anajaza kadi ya kijani. Kanuni ni moja, na Sista aliipigania mwenyewe: mzee asijue kwamba yuko kwenye orodha. Aone ni ujirani tu.

"Mtu mzima ukimwambia unamchunga, umeshamzika," aliwaambia. Kwa hiyo nani anamtembelea nani, alijua katibu peke yake; wengine hawakufika hata mkutanoni, walimpelekea yeye kadi zao.

Kanuni ya pili ilikuja baadaye, nayo ni yake pia. Mwaka jana dereva mmoja mstaafu alifika mkutanoni na fimbo. Sista akamtoa kazini papo hapo. "Anayehitaji fimbo atembelewe, asitembelee." Watu walicheka. Dereva hakucheka.

Basi Sista mwenyewe alipoteleza bafuni na kuumia nyonga, angemwambia nani? Alimeza vidonge, akameza na maneno. Jana katibu alipopiga simu, alimjibu kwa ile sauti yake ya wodini.

"Sista, Fundi wetu vipi?"

"Hajambo kabisa."

"Na wewe je?"

"Mimi nina nini?"

"Ndivyo nilivyoambiwa, huna neno. Haya, Jumamosi tunakusanya kadi."

Hakuuliza kaambiwa na nani. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kingine: gazeti. Tangu mkewe afariki, Fundi, mshona suti wa mtaa, alizoea kuja kwa Sista kila Jumatatu na gazeti la jana yake. Atakaa, atamaliza chai, atauliza maswali ya mtu mpweke: umekula nini, umelalaje, mbona leo macho yamekuvimba? Sista alimvumilia. Alijua upweke unavyomhangaisha mtu akitafuta pa kukaa. Sasa Jumatatu tatu zilikuwa zimepita bila Fundi wala gazeti.

Aliyekaa wodini miaka thelathini na minne anaujua ukimya wa namna hiyo.

Alhamisi ya nne ikamkuta mlangoni, amevaa. Kutoka geti lake jekundu hadi kwa Fundi ni nyumba saba tu, lakini zilimchukua nusu saa, mkono ukutani, na kila alipotokea jirani alisimama akajifanya anatazama maua ya watu.

"Hodi."

Akagonga.

"Fundi! Hodi!"

Aliinama akanusa kwenye tundu la ufunguo. Kazi ilimfundisha hivyo. Halafu akaona haya, kwa sababu kama kungekuwa na cha kunusa, kadi yake ingekuwa imeandika kwamba maiti anakula vizuri, hana shida.

Ndani kitu kiliburutwa sakafuni. Kikasimama. Kikaburutwa tena.

Mlango ukafunguka, na Fundi alikuwa hai. Amekonda, ndevu zimemjaa, kifundo cha mguu kimezungushiwa vipande vya kitambaa cha suti, na amejiegemeza kwenye ile rula yake ndefu ya mbao ya kupimia nguo.

"Kumbe ni wewe," alisema, akatazama chini. "Nilitaka kuja Jumatatu, haki ya Mungu."

"Umeanguka lini?"

"Wiki ya tatu hii. Nilipanda stuli kubadilisha balbu. Sista, usimwambie mtu."

Wiki ya tatu. Sista alikikalia kiti cha wateja bila kukaribishwa, nyonga ikimlilia. Mzee wa watu kajifunga mguu kwa mabaki ya suti, na yeye huku anaandika hajambo.

"Fundi, nimekukosea," alisema. "Tuna orodha ya wazee, nawe umo. Mimi ndiye niliyepewa wewe. Kuja kwangu hapa hakukuwa ujirani. Na wiki hizi tatu sikuja kabisa, lakini nimeandika kwamba nilikuja." Akaitoa kadi, akaiweka juu ya cherehani. "Soma. Ukimaliza unitukane."

Fundi alivaa miwani. Alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, mpaka chini. Kisha akarudi juu, akasoma tena.

"Mimi ndiye mzee wa orodha?" aliuliza. "Mimi?"

"Wewe. Nisamehe, baba."

Hakumsamehe wala hakumtukana. Alivuta droo ya cherehani, akapekua chini ya vifungo na mikasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatoa kadi ya kijani na kuilaza kando ya ile ya kwanza. Kisha akageuka akatazama dirishani.

Juu, kwa mwandiko wa katibu, iliandikwa: Geti jekundu. Nesi mstaafu. Asijue.

Chini, kwa mwandiko wa Fundi, Jumatatu tatu za mwisho: Nimemtembelea. Hajambo kabisa.