Kuku wa Mama Ayuma

Mama Ayuma aliingia akicheka, kuku mwekundu kwapani.

"Daktari, umeniponya! Ule moto wa mgongo umeisha. Hata mguu hauniumi tena."

Mimi si daktari. Nina chumba kimoja hapa Shieywe, kitanda cha kukandia na sindano zangu za tiba ya Kichina. Mwezi uliopita aliniletea barua ya hospitali: diski ya kiuno imetoka, inabana neva, apasuliwe haraka. Nilimwambia hospitali wanapenda tu kupasua watu. Barua nikaitia kwenye droo.

Alilala kifudifudi. Hapo ndipo nilipoona mguu wake wa kushoto hauna kiatu.

"Mama, slipa yako nyingine iko wapi?"

Aligeuza shingo kutazama. "Haiya! Si nimetoka nayo nyumbani Shianda?"

Unyayo ulikuwa na vumbi jekundu, na katikati yake kipande cha chupa kilikuwa kimezama. Damu ilikuwa imeshaganda. Nilikigusa kwa kidole, kisha nikakisukuma kidogo. Mama Ayuma aliendelea kunieleza jinsi atakavyorudi kupalilia miwa yake.

Sikuwa nimeyaondoa maumivu. Mguu wenyewe ulikuwa umekufa ganzi.

Nilichukua sindano, nikamchoma kisiginoni.

"Unasikia, mama?"

"Nisikie nini na hujaanza? Anza tu, daktari. Na huyo kuku usimchinje, anataga."