Dalia za Mama Anke

Hinrich aligonga sepetu mara mbili kwenye kile chuma kinene kando ya mlango wa jikoni, udongo ukapukutika, akarudi shimoni akinung'unika. Juu ya chuma hicho cha kijani palikaa chungu cha maua ya jerania. Marehemu baba yake ndiye aliyekisimamisha pale. Hinrich alirithi kazi ya kukipaka rangi kila mwaka, pamoja na nyumba, kiko, na imani kwamba bustani ni mahali pa viazi.

Mkewe, Theda, hakuwa na imani hiyo. Tangu aolewe katika mtaa huu wa mji wa Emden, Ujerumani, alitaka tuta moja tu la maua ya dalia. Mkesha wa mwaka mpya, mbele ya watoto wao, Hinrich alikuwa amekwisha kuchangamka kwa kinywaji, akakubali: angelichimba yeye mwenyewe. Ila dalia zisipokuwa ardhini kabla ya Mei kwisha, habari ya maua isitajwe tena nyumbani humo. Mvua ilinyesha karibu mwezi mzima, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

"Viazi unakula," alisema Hinrich. "Hizi dalia zako utazifanyia nini?"

"Nitaziangalia. Wewe nimekuangalia miaka yote hii, hujachanua hata siku moja. Chimba, Baba Anke."

Alichimba. Sepetu ikalia juu ya chuma kilichofukiwa ardhini.

Mji wao ulipigwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hadi ukabaki vifusi, na mengine hayakulipuka; yamelala ardhini mpaka leo. Kwa hiyo kila mtu wa Emden anajua la kufanya chuma kikilia chini ya sepetu: unatoka polepole, unapiga simu. Hinrich alitoka polepole. Uso wake ulikuwa umejaa nuru.

"Bomu," alisema, kama mtu anayetaja jina la mjukuu wake. "Watauhamisha mtaa. Bustani wataifukua wiki nzima. Pole sana, mke wangu."

"Na kama si bomu?"

"Basi nitazipanda mwenyewe, kwa magoti."

Mtegua mabomu, Bwana Lübben, alifika peke yake ili ahakikishe kabla ya kuwahamisha watu. Alikuwa mpole, mnene kidogo, na aliwaomba wasubiri barabarani. Theda alisimama amekumbatia kikapu cha dalia kama mtoto mwenye homa. Hinrich aliwapungia majirani mkono kama bwana harusi.

"Kipimo changu cha vyuma kinalia tangu mlangoni!" Bwana Lübben alipaza sauti.

"Unasikia?" Hinrich alimnong'oneza mkewe. "Dubwana hilo!"

Bwana Lübben alipiga magoti, akafukua kwa mikono, akafagia kwa brashi. Kisha akainuka na kuwaita. Alikuwa ameshika beseni la bati lililotoboka.

Theda alilitambua kutokana na picha ya ukutani. "Ndimo ulimoogeshwa, Baba Anke! Karibu magotini."

Hinrich alipanda dalia ya kwanza, ya pili, na zote zilizobaki, huku Theda akimwelekeza kutoka kwenye benchi la mlangoni.

"Hiyo umeipinda."

"Itajinyoosha yenyewe."

"Mimi nimekungoja ujinyooshe tangu harusi. Inyooshe."

Pembeni ya Theda, Bwana Lübben alinywa chai kama inavyonywewa Emden, sukari ya mawe ikilialia chini ya malai. Theda alikuwa na furaha hata akamkatia kipande cha pili cha keki bila kumwuliza.

Hatimaye tuta lilikamilika. Hinrich alijikokota hadi mlangoni, mtu aliyeshindwa na beseni lake mwenyewe. Akainua sepetu yenye tope na kuigonga kwenye kile chuma kwa hasira zake zote. Chungu cha jerania kikaruka. Kipande cha rangi ya kijani kikabanduka, na chini yake yakaonekana maandishi.

Bwana Lübben alikiweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale, "usigonge tena. Hicho ndicho nilichokijia."