Usivute Kitambaa

"Unashona au unakamua nguo?" Mama aliuliza kutoka kitandani.

Hakuwa akiniona. Pazia lilikuwa katikati yetu, lakini yeye ni fundi wa siku nyingi, na mlio wa cherehani ulitosha kumwambia kwamba nimevuta kitambaa.

Nilikuwa namshonea sketi nyekundu ya kitambaa cha kuvutika, yenye marinda matatu chini. Aliitaka mwenyewe. "Wageni wakija kuniona wasinikute nimevaa kigonjwagonjwa," alisema. Kitambaa kile ukikivuta wakati wa kushona, mshono unatoka umejikunjakunja.

"Kiache kiende chenyewe, mwanangu."

"Haya, Mama."

Nikamaliza rinda la kwanza, nikamaliza na la pili. La tatu likaanza kujikunja. Nikasimamisha mashine nisikie atanitania vipi.

Kimya.

"Mama, nimevuta tena!"

Pazia halikutikisika. Sikuthubutu kuinuka kwenda kulifungua. Basi nikakishika kitambaa kwa mikono miwili, nikakanyaga pedali, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Sindano ikagonga chuma, uzi ukakatika, nami nikazidi kuvuta, nikisubiri anigombeze.